Ukuta wa Vitenge Kule Kave

Mukankusi anasema niliingia Kave siku ile ya Alhamisi na mkasi mkononi, kama mtu aliyekuja kuchinja. Anasema nilishika kitenge cha Mama Cansilde nikakikata vipande mbele ya macho yake, kwa sababu alininyima mtoto wake, na Mama Cansilde akalia mpaka sauti ikafika barabarani. Anayasimulia haya akipima sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale kwenye meza yake, juu ya ngazi za Kave, na wateja wanaongeza chumvi yao. Juzi mmoja alisema nilikuwa na mikasi miwili.

Mukankusi si mtu mbaya. Ni jirani yetu tangu natambaa, na mama yangu alipofariki ndiye aliyenisuka nywele mwaka mzima. Lakini siku ile yeye alikuwa juu na samaki wake, sisi tulikuwa chini. Mkasi ulikuwepo, ni kweli. Kitenge kilikuwepo. Na kuna mtu alilia, ila hakuwa Mama Cansilde. Mengine nitayasema mimi, hata kama yananiaibisha kuliko ya kwake.

Kwanza ujue Kave ni nini. Ni chumba cha chini ya nyumba ya mzee Rutayisire, karibu na njia ya kwenda Petite Barrière, mpaka mdogo wa kuvukia Goma. Unashuka ngazi kumi na moja za mawe, unainama mlangoni, unaingia chumba kirefu kisicho na dirisha hata moja. Mfanyabiashara mmoja wa zamani alikichimba aweke magunia ya kahawa. Baadaye vikakaa viazi. Rutayisire aliporudi kutoka Goma na gita lake la besi, akatoa viazi, akaingiza spika mbili na mabenchi sita. Harufu ya viazi haikutoka mpaka mwisho.

Wapigaji wengi walitoka Goma. Walivuka asubuhi na magita mgongoni, wamebanwa katikati ya akina mama wenye vikapu vya nyanya, na ilibidi warudi kabla mpaka haujafungwa. Kwa hiyo muziki wa Kave ulikuwa wa mchana. Saa nane wanaanza, na jioni wimbo unakatwa hata ukiwa katikati, maana mpiga ngoma ameshatazama saa. Watu walitoka chini na jasho lao, jua likawapiga usoni, wakacheka kama watu waliofumaniwa. Nimewaona hivyo Jumamosi nyingi, nikiwa nimesimama upande wa pili wa barabara na nyuzi za Baba mkononi. Kushuka siku ya muziki, sikuwahi.

Ule mwaka mlima wa Goma ulipotapika moto, na ardhi ikatetemeka siku nyingi, ukuta wa Kave ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Hapo sauti ikapata njia. Besi ikawa inatembea ndani ya ardhi mpaka vikombe vya majirani vinagongana kabatini. Wakubwa wa mtaa wakaja mara mbili. Mara ya pili wakasema muziki ukisikika tena barabarani, mlango utafungwa. Rutayisire akabandika trei za mayai ukutani, panya wakazila. Ndipo akaja kwenye baraza letu.

Baba yangu, Dauda, ni fundi cherehani, kama baba yake. Mimi nilimaliza shule ya msingi nikakaa kwenye mashine ya pili, na sijainuka mpaka leo. Rutayisire akaeleza anachotaka: shuka nzito za kufunika ukuta wote, gunia ndani, blanketi kuukuu katikati, kitenge juu, zishonwe kwa mkono kwa sindano ya shazia, kwa sababu hakuna mashine ingeweza kupita unene ule. Baba alimaliza pindo alilokuwa akilishona. Halafu akasema kazi ni kazi, binti yake atashona, lakini siku wanapopiga hatakanyaga. Atashona asubuhi, chumba kikiwa kitupu, na adhana ya adhuhuri imkute nyumbani.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Kave. Kila kundi lililopiga lilitakiwa kuacha kitambaa cha sare yao, nami nikakitia ukutani. Ukiniuliza mwaka, sijui. Ukiniuliza kitambaa, nakuonyesha: hiki cha zambarau ni cha wale wa Bukavu waliokuja na tarumbeta moja, hiki cha rangi ya majani ni cha kwaya ya vijana wa Nyundo, waliotoka misa wakaja kuimba bila kumwambia padri, hiki cheusi ni cha mpiga ngoma aliyefariki, mke wake alikileta mwenyewe akakaa kunitazama nikikishona mpaka uzi wa mwisho.

Na Cyiza alikuja asubuhi hizo hizo, kurekebisha nyaya.

Alikuwa mpiga gita wa Rutayisire. Wazazi wake walirudi kutoka Goma akiwa mdogo, baba yake amezikwa huku, mama yake ni huyo Cansilde, anauza nguo za watoto sokoni. Mwezi wa kwanza alinisalimia tu. Mwezi wa pili akaanza kunishikia kitambaa nisichoke mkono. Alishika kule, mimi huku, na shuka nzima katikati yetu kama ukuta mwingine. Hakuwa msemaji. Nikiinua macho, namkuta ameshainua yake. Nikishusha, nasikia kwamba bado hajashusha. Miaka miwili ya asubuhi, na kitu kikubwa alichonigusa ni kidole, siku sindano iliponichoma akanifunga kwa kipande cha uzi.

Aliponiambia anataka kunioa, alisema kama mtu anayeuliza saa. Nami nilikubali hivyo hivyo. Lakini Mama Cansilde alikataa. Aliwaambia watu wa kanisani kwake kwamba hakuzaa mtoto ili aje kuitwa jina lingine msikitini. Baba naye alisema yeye hakimbilii mtu. Mwenye kumtaka binti yake aje na watu wake, wakae, waseme. Tukabaki hapo katikati, tunashona.

Sasa kosa langu.

Mvua za masika zilipoanza, kilibaki kipande kimoja tu cha ukuta, palepale kwenye ufa, nyuma ya ngoma. Vitambaa vilikuwa vimekwisha na Jumamosi kulikuwa na muziki. Cyiza akaja na kitenge amekibana kwapani. Cha buluu, na ndege wadogo wa manjano. Yadi sita kamili, mikunjo haijawahi kufunguliwa, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa kwenye pindo.

Nikamuuliza hiki ni cha nani. Akasema ni cha mama yake, kinakaa tu chini ya valizi yake ya nguo, hajawahi kukivaa hata siku moja, hatajua. Nikakishika. Mimi ni fundi. Wanawake wangapi waliotoka Goma wamekaa kwenye baraza letu wakisimulia? Najua kwamba mama mwenye mtoto wa kiume hununua kitenge kizima akakiweka chini kabisa ya valizi, na siku anapokwenda kwa wazazi wa msichana, anakifungua mbele yao na kumvisha kwa mkono wake. Kabla ya siku hiyo hakikatwi. Hakivaliwi. Njaa ikija, anauza sufuria anakiacha.

Cyiza hakujua. Hayo ni mambo ya akina mama na mafundi. Akaniuliza mbona nimesimama, kama kina ubaya wowote. Nikamwambia ni kitambaa tu.

Nikakikata vipande kumi na sita.

Mwezi uliofuata mambo yakageuka, na sikuelewa kwa nini. Mama Cansilde akapunguza maneno. Akamuuliza Cyiza kama mimi nafunga mwezi mzima kweli au naigiza. Akauliza baba yangu ni mtu wa namna gani. Na wiki moja kabla ya ile Alhamisi, Cyiza akaja barazani mchana kweupe, akamsalimia Baba, akasema mama yake amekubali. Jumapili ya wiki ile nyingine atakuja na dada yake kutoka Goma. Baba akamwitikia vizuri. Alipoondoka, Baba akaniambia kwamba wakija atawapokea kama watu wanavyopokewa, na mambo ya ndoa yatazungumzwa. Lakini Kave inafungwa, kijana amepata kazi ya muziki kwenye hoteli ya Kigali, anapanda basi Jumatatu yake. Kama Jumapili itapita bila mtu, jina lake lisitajwe tena humu ndani.

Kave ilikuwa inafungwa kwa sababu watoto wa Rutayisire wameuza nyumba. Wanunuzi wanajenga vyumba vya wageni. Mzee alipewa siku chache atoe vitu vyake.

Basi ile Alhamisi asubuhi nilikwenda kufumua ukuta, na sikuanza mlangoni. Nilianza nyuma ya ngoma. Nilikuwa na mpango: nitoe vile vipande kumi na sita, nivioshe, niviunganishe kwa mshono mdogo kabisa ninaoujua, Cyiza akirudishe chini ya valizi kabla ya Jumapili. Sikuwa nimemwambia. Yeye alikuwa upande wa pili anakunja nyaya, anapiga mluzi. Rutayisire alikaa kwenye benchi la mwisho, kofia magotini.

Shuka ya nyuma ya ngoma ilipoanguka, na zile kubwa za ukuta wa kulia nazo, ufa ukaonekana. Mzee akasimama, akapiga makofi mara moja, kujaribu. Sauti ikamrudia kavu, ya mawe. Akaniambia taratibu kwamba sasa ni chumba cha viazi tena. Halafu akalia, kwa sauti, kama wanavyolia msibani, na kwa kuwa ukuta ulikuwa uchi sauti ile ilipanda mpaka kwenye meza ya sambaza. Ndiyo aliyoisikia Mukankusi.

Nilikuwa bado namtazama mzee nilipoona miguu ya mwanamke kwenye ngazi.

Mama Cansilde alikuwa hajawahi kushuka Kave. Alishuka pole pole, mkono ukutani, amevaa viatu vya kanisani. Cyiza akamkimbilia, akamwambia huku kuna vumbi, angemwita yeye juu. Mama akasema amekuja kuulizia kitu chake.

"Jana nilifungua valizi," akasema. "Nimetoa kila kitu, nimetandika yote kwa kitanda. Ile kitenge yangu ya buluu haiko."

Cyiza akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuona haya. "Ah, ile? Mama, ile ni mi niliibeba. Ilikuwa inakaa tu. Iko hapa kwa shuka ya ukuta. Nitakununulia ingine Kigali, ata mbili."

Mama Cansilde alikuwa ameshaviona vile vipande. Akapita katikati ya mabenchi, akafika mpaka kwenye shuka niliyokuwa nimepiga magoti mbele yake, akaweka kiganja juu ya ndege mmoja wa manjano. Nilikuwa nimemkata shingo ndege yule, mshono umepita katikati.

"Nani alikata?"

"Ni mimi, Mama," nikasema.

"Hakujua," Cyiza akadakia. "Mi ndo nilimuletea, nikamwambia ni ya zamani. Yeye hana makosa. Unikasirikie mi."

Alinifungulia mlango, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza nakuweza, watu wote wananisifu kwa hilo. Lakini Mama Cansilde alichuchumaa, magoti yake yakalia, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"We ni fundi," akasema. "Kitenge haijafunguliwa. Karatasi yake iko juu. Ulifikiri ni ya nini?"

Nilimtazama Cyiza nyuma ya bega lake. Alinitikisia kichwa kidogo: sema hujui. Uso wake ulikuwa umenitegemea kabisa. Nikajua kwamba nikisema uongo ule, nitamwona na uso huo kila siku ya maisha yangu, mimi nikijua na yeye hajui.

"Nilijua, Mama."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni ya muke wa Cyiza."

"Na ukakata."

"Nikakata."

"Juu ya nini?"

Niliona aibu kuliko siku yoyote. Nikaangalia mkasi. "Nilifikiri haitakuwa mimi," nikasema. "Nikaona nitamshonea msichana mwingine gauni lake nayo. Nikaona afadhali ikae huku chini."

Rutayisire alijifuta macho kwa kofia yake. Juu tulimsikia Mukankusi akipigia mtu kelele kuhusu mizani. Mama Cansilde akakaa chini kabisa, juu ya spika iliyolazwa, akavuta leso yake kichwani kama mtu anayesikia baridi.

"Mi nitakuambia kitu," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Jumamosi moja nimetoka soko, nimepita hapa kwa barabara. Nilijua mutoto wangu iko chini anapiga. Nikasimama pale juu, nitege sikio, niwashitaki. Sikusikia kitu. Nikainama, nikaweka mukono kwa mawe. Hakuna. Nikamuuliza muzee huyu, nani alifanya hii. Akaniambia ni binti ya Dauda, peke yake, na sindano. Nikaenda nyumbani nikafikiri sana. Nikasema huyu musichana akifunga kitu, imefungwa. Nikasema mutoto wangu anaweza kukaa na mutu kama huyu. Ile siku ndo nilikubali."

Alinyoosha mkono akaonyesha ndege wake waliokatwa, kisha ule ufa, mahali ambapo sauti ilikuwa ikipita kabla sijaviweka vile vipande.

"Na kumbe ni kitenge yangu iliyonizibia masikio," akasema.

Hakuna aliyecheka, ingawa yeye mwenyewe alitaka kucheka, niliona mdomo wake.

Cyiza alikuwa bado ameshika waya. Akauweka chini vizuri, kama kitu cha mtu mwingine.

"Siku ile nilikuuliza," akaniambia.

"Uliniuliza."

"Ukasema ni kitambaa tu."

"Nilisema."

"Ungeniambia, ningeirudisha saa ile ile. Ningekimbia nayo." Akatafuta maneno. "Mi nilikuwa nakuja hapa kila asubuhi nikijua tuko wawili. Nagombana na Mama kila siku, nagombana na baba mudogo, najua tuko wawili. Donc, kumbe we ulikuwa umeshaniacha. Kitambo."

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka kumwambia kwamba mtu anaweza kushika mkasi kwa sababu ya woga na bado asiwe ameacha. Lakini alikuwa amesema kweli, angalau ya asubuhi ile moja. Niliinamisha kichwa, na aliona kwamba simbishii. Akaenda kusimama karibu na ngazi, akatupa mgongo. Ule mgongo nilikuwa naujua kuliko uso wa mtu mwingine yeyote. Ulikuwa unapumua haraka.

Basi nikafanya kazi niliyoijua. Nikachukua mkasi nikaanza kukata uzi, si kitambaa, uzi. Mama Cansilde akanitazama kidogo, halafu akasogea, akashika pindo la shuka, akalivuta ili uzi ukae wazi. Alivuta kule, mimi nikakata huku. Tulikwenda hivyo vipande vyote kumi na sita. Kila kimoja akakikung'uta vumbi la gunia, akakilaza gotini, akakipangusa kwa kiganja. Mikono yake ni migumu ya sokoni, lakini ilikuwa inavilaza kama inalaza mtoto.

Cha mwisho kilipotoka, nikamwambia naweza kuviunganisha. Nikamwambia najua mshono ambao hata fundi mwenzangu hatauona, nitakaa Ijumaa na Jumamosi, Jumapili asubuhi kitakuwa kizima.

"Hapana," akasema. "Najua unaweza. Lakini mi nitaona. Kitenge ya kuunganisha, sitaipeleka kwa nyumba ya watu nikasema hii ni yako."

Alivifunga vyote ndani ya leso yake, kichwa kikabaki wazi, nywele zake nyeupe nikaziona kwa mara ya kwanza. Rutayisire akamsaidia kusimama. Akamwambia kwa Kinyarwanda amhurumie mtoto. Yeye akampigapiga mzee mkono, kama ndiye wa kuhurumiwa, akaelekea kwenye ngazi. Cyiza akampisha, akainamisha kichwa.

Nikaona anaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nikaona Jumapili inapita: Baba kwenye kiti chake, kahawa imepoa, mlango uko wazi na hakuna mtu. Sikuwahi kumwomba mtu kitu kwa sauti kubwa. Shuleni sikuinua mkono. Nilisimama na nyuzi zimenijaa kwenye gauni.

"Mama," nikasema. "Jumapili mje."

Akasimama. Hakugeuka.

"Mje mikono mitupu," nikasema. "Msilete kitenge. Msilete kitu. Baba nitamwambia mimi, kila kitu, jinsi nilivyofanya. Mje tu mukae. Nakuomba, Mama."

Cyiza alikuwa ameinua kichwa. Hakunitazama mimi, alikuwa anamtazama mama yake, nami pia nilikuwa namtazama, na mzee Rutayisire pia, kofia yake mkononi. Mama Cansilde alihamisha kile kifurushi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akashika ukuta, akaangalia juu kwenye mwanga. "Jumapili saa ngapi?" akauliza.